Printa ya Kuchapa Juu ya Diski: Dalili za Hitilafu na Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Mtu anaponiuliza anunue printa gani ya wino ili achape picha na maandishi moja kwa moja juu ya diski, huanza kwa kumweleza hitilafu kabla ya kumtajia jina lolote. Karibu kila printa inayoletwa mezani kwangu ikiwa na tatizo, tatizo lenyewe lilianzia dukani, katika jambo ambalo mnunuzi angeliweza kulikagua kwa dakika kumi. Na hapa Mombasa diski bado zina kazi: mpiga video wa harusi hukabidhi dividii kwa wazazi wa bibi harusi, madrasa hugawa kaswida za mahafali, kwaya huuza nyimbo zao mlangoni mwa kanisa, na mgonjwa hutoka hospitalini na picha zake za CT ndani ya sidii. Kila mmoja wao anastahili diski ambayo jina lake halifutiki kwa jasho la kidole.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Ndani ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji bisibisi, kisha hatua nzito zaidi, na pale ambapo mtumiaji anapaswa kuacha na kumwita fundi nimesema hivyo waziwazi.

Kompyuta haionyeshi mahali pa kuchagua diski

Chanzo kikuu ni printa yenyewe kutokuwa na uwezo huo. Karatasi inaweza kukunjwa kuzunguka rola, lakini diski ni sahani ngumu ya polikaboneti yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, kwa hiyo inahitaji njia iliyonyooka ndani ya printa na trei maalumu ya kuibeba. Printa za matangi ya wino zinazoonekana katika ofisi na vibanda vingi vya kuchapa, kama vile Epson L3110 na L3250, hazina njia hiyo. Ndugu zake wanaochapa diski ni kama L805, L850, L8050 na L18050. Canon nayo ina baadhi ya printa za PIXMA zenye uwezo huo, lakini si zote, na herufi moja katika jina la modeli inaweza kubadilisha kila kitu. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia umbo wala kwa neno la muuzaji. Fungua ukurasa wa sifa za modeli hiyohiyo, utafute mahali palipoandikwa kwamba inachapa juu ya sidii na dividii, kisha uombe kuiona trei kwa macho. Printa ya leza isifikiriwe kabisa, kwa sababu hugandisha unga wake kwa joto kali ambalo diski haikuumbwa kulistahimili.

Ikiwa modeli ina uwezo na bado chaguo halionekani, tazama draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa. Mara nyingi Windows hujiwekea draiva ya jumla mara tu waya wa USB unapochomekwa, na draiva hiyo hujua karatasi tu. Iondoe, kisha uweke kifurushi kamili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Baada ya hapo hakikisha kwamba unatumia programu iliyokusudiwa kazi hii: L805 huenda na Epson Print CD, L8050 hutumia Epson Photo+, na printa za Canon za miaka ya karibuni hutumia Easy-PhotoPrint Editor. Wengi hujaribu kuchapa diski kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, wakashangaa printa inapodai karatasi ya A4.

Kuna chanzo cha nadra kinachowaumiza wanunuzi wa printa zilizotumika zinazoshushwa bandarini. Kwa miaka mingi, printa kadhaa za PIXMA zilizouzwa Marekani zilikosa trei na mlango wa diski, ilhali modeli zinazolingana nazo zilizouzwa Ulaya zilikuwa navyo. Ukikuta printa ya namna hiyo, usikubali ahadi ya kuibadilisha kwa menyu za siri na trei ya kuazima. Tafuta nyingine.

Trei inakataliwa, inatolewa nje au inakwama njiani

Kabla ya jambo jingine lolote, angalia alama. Trei nyingi zina mishale inayopaswa kukutana na mishale iliyo kwenye printa, na tofauti ya milimita mbili inatosha kuifanya printa idhani hakuna kitu. Iingize trei taratibu, ikiwa imelala sawasawa, wakati printa imetulia na inakuomba uiweke. Usiiweke kamwe wakati printa inawashwa au inajisafisha, kwa sababu kichwa cha kuchapia, kile kinachonyunyiza wino, kinasafiri huku na huku wakati huo na kinaweza kuigonga.

Kisha angalia diski yenyewe. Ibonyeze katikati hadi ikae kwenye kitovu cha trei bila kuyumba. Ukigeuza trei juu chini na diski ikaanguka, meno ya kitovu yamelika na trei inahitaji kubadilishwa. Diski ndogo za milimita 80 zinahitaji kishikizo chake maalumu; ikiwa hukipata pamoja na printa, achana nazo.

Chanzo cha tatu, ambacho huonekana sana kwa printa zilizotumika, ni trei isiyo yake. Trei za modeli tofauti hufanana sana machoni, lakini unene, urefu na mahali palipo na alama zinazosomwa na kihisi hutofautiana. Canon huzitambulisha baadhi ya trei zake kwa herufi, na trei ya herufi moja haichukui nafasi ya nyingine. Printa inayouzwa bila trei ihesabiwe kuwa ni printa ya karatasi, na bei yake iwe hivyo.

Kumbuka pia nafasi iliyo nyuma ya printa. Katika modeli nyingi trei hutokeza nyuma wakati wa kuchapa, na katika vyumba vyetu vyembamba printa husukumwa hadi ukutani. Trei ikigonga ukuta hurudi nyuma, na picha nzima huhama. Acha nafasi ya kutosha kupitisha trei nzima.

Ikiwa hayo yote ni sawa, safisha. Vumbi na chumvi ya hewa ya pwani huacha utando kwenye rola na juu ya trei. Pangusa trei kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, uikaushe, kisha ujaribu tena. Ukisikia meno ya plastiki yakisagika, au trei ikikwama ndani na isitoke kwa kuvutwa kidogo, zima printa kwa kitufe chake, chomoa waya wa umeme na uache hapo. Kuivuta kwa nguvu huvunja gia na hukwaruza ukanda mwembamba wa plastiki ambao printa huutumia kujua kichwa kiko wapi. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wino haukauki, unafutika kwa kidole au unaganda kama matone

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi zaidi katika mji wetu, na printa hulaumiwa bure.

Chanzo cha kwanza ni diski isiyo ya kuchapwa. Diski ya kawaida ina uso uliopakwa vanishi laini, na wino wa maji hauna pa kuingilia. Diski ya kuchapia ina tabaka la kunyonya wino, jeupe au la fedha, na mara nyingi halina mng'ao. Pakiti inapaswa kusema wazi kwamba ni diski ya kuchapwa kwa printa ya wino, kwani zipo nyingine nyeupe vilevile zilizotengenezwa kwa printa za joto, na hizo hazinyonyi wino. Ukiwa na shaka, lowesha ncha ya kidole na uguse ukingo wa ndani wa uso huo. Tabaka la kunyonya hunata kidogo na kuacha alama ya unyevu, na vanishi huacha tone likiteleza. Fanya jaribio hilo kwenye diski moja ya pakiti ambayo hutaitumia tena.

Chanzo cha pili ni wino mwingi kupita kiasi. Mtumiaji huchagua karatasi ya picha yenye mng'ao na ubora wa juu kabisa, akidhani anaitendea diski wema, na printa humwaga wino ambao tabaka haliwezi kuubeba. Chagua aina ya diski kwenye orodha ya karatasi. Ikiwa uso bado unanata baada ya kukauka, punguza kina cha rangi hatua kwa hatua. Picha yenye usuli mweusi mzito, ambayo wapiga picha wa harusi wanaipenda, ndiyo inayonata kuliko zote. Kuufanya weusi huo kuwa kahawia iliyoiva au buluu ya usiku hupunguza wino bila kuharibu sura ya picha.

Chanzo cha tatu ni hewa yetu. Maelekezo ya Epson yanataka diski iachwe ikauke kwa saa 24, mbali na jua la moja kwa moja, kabla ya kupangwa juu ya nyingine au kuingizwa kwenye mashine. Watu huyasoma wakaona ni ya kuzidisha, kwa kuwa uso huonekana mkavu baada ya dakika chache. Lakini Mombasa hewa hubeba unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na mvua za masika zinapoanza, wino uliokuwa ukikauka jioni hiyohiyo unaweza kubaki na unyevu hadi kesho yake mchana. Msimu mmoja wa masika nilipanga diski 50 za harusi juu ya mhimili wa pakiti yake saa mbili baada ya kuchapa, kwa sababu mteja alikuwa anawahi feri ya Likoni. Diski 11 zilitoka zikiwa zimebeba mgongoni uso wa bibi harusi wa diski jirani. Tangu siku hiyo huzilaza moja moja juu ya rafu ya waya, feni ikipuliza polepole juu yake na si usoni mwake, na humwambia mteja siku ya kukabidhi kabla sijapokea malipo ya awali. Chumba chenye kiyoyozi hukausha haraka zaidi, kwa kuwa kiyoyozi huondoa unyevu pamoja na joto. Kuzianika juani ni kosa: jua hupausha rangi na pia huharibu tabaka la ndani linaloshika data.

Chanzo cha nne ni aina ya wino. Wino wa rangi iliyoyeyuka huzama ndani ya tabaka. Wino wa chembechembe hukaa juu juu, na kwenye uso unaong'aa unaweza kufutika hata baada ya siku nyingi. Matatizo hayo huongezeka pale tangi linapojazwa wino wa chupa isiyojulikana. Unapochagua printa, uliza kama rangi zake zote, pamoja na nyeusi, ni za kuyeyuka, na kama chupa halisi za wino wake zinapatikana mjini. Printa nzuri isiyopata wino wake utaishia kuilisha chochote.

Kuhusu vanishi ya kupuliza, msimamo wangu ni kutoitumia juu ya sidii. Data ya sidii iko karibu sana na uso wa lebo, chini yake tu, ikilindwa na utando mwembamba, na viyeyushi vya baadhi ya vanishi vinaweza kupenya hadi kwenye utando wa kuakisi. Dividii ina nafuu, kwa kuwa data yake imefunikwa katikati ya sahani mbili za milimita 0.6 kila moja. Anayetaka uso usioogopa maji atafute diski za kuchapia zenye mng'ao zilizotengenezwa kustahimili maji, na azijaribu kwa printa yake kabla ya kununua pakiti nzima.

Picha imehama upande mmoja, pete nyeupe imebaki, au wino umeingia kwenye trei

Mara nyingi vipimo vilivyo kwenye programu havilingani na diski. Diski za zamani huchapwa kuanzia kipenyo cha takriban milimita 46 hadi 116, na zile za uso mpana huanzia takriban 22 hadi 118. Chukua rula, pima kipenyo cha duara la ndani ambapo tabaka jeupe linaanza na cha duara la nje ambapo linaishia, kisha uingize namba hizo. Print CD ya Epson inaruhusu kipenyo cha ndani kishuke hadi milimita 18, lakini ruhusa hiyo haina maana kwamba diski yako ina tabaka hadi hapo. Wino unaoanguka kwenye plastiki tupu hautakauka.

Ikiwa pete ni sawa lakini picha nzima imehama, rekebisha mahali pa kuchapia ndani ya programu. Weka diski moja iliyoharibika kuwa ya majaribio, chapa duara jembamba juu yake, pima pengo la kushoto na la kulia, la juu na la chini, kisha usogeze kwa nusu ya tofauti. Pengo likiwa milimita 3 upande mmoja na 1 upande wa pili, sogeza milimita 1. Wino uliodondoka kwenye trei ufutwe papo hapo, la sivyo utapaka upande wa kusomwa wa diski inayofuata. Picha ikihama kila mara kwa kiasi tofauti, tatizo si programu: ni kitovu kilicholegea au rola inayoteleza.

Mistari, rangi iliyokosekana, nyuso zenye rangi ya kijani

Chapa ukurasa wa kupima matundu ya kichwa kwenye karatasi kabla ya kugusa diski yoyote. Ukurasa ukiwa mzima, kichwa hakina kosa. Angalia aina ya karatasi uliyochagua, au ubora wa diski. Ukurasa ukiwa na mapengo, safisha kichwa mara moja, pima tena, na usipitishe mara tatu mfululizo. Mapengo yakibaki, zima printa kwa kitufe na uiache usiku kucha, kwani mapovu ya hewa mara nyingi hutoka yenyewe. Kila usafishaji hunywa wino na kuumwaga ndani ya sponji ya wino taka, na sponji hiyo ina mwisho wake.

Matundu huziba hasa kwa kuzimia printa kwenye soketi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe, kichwa hurudi nyumbani na kufunikwa na mfuniko wa mpira; ukikata umeme ghafla, hubaki wazi na kukauka. Umeme ukipotea katikati ya kazi, subiri urudi, uiwashe printa, uiache ijipange, kisha uizime kwa kitufe. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hata kama huna kazi.

Kwa mnunuzi, dalili hii ina funzo kuhusu idadi ya rangi. Printa ya rangi nne huchapa maandishi na nembo vizuri kabisa. Anayechapa nyuso za watu ataona tofauti kwa printa ya rangi sita, kama L805 na L8050, ambazo huongeza buluu hafifu na waridi hafifu, kwa hiyo mashavu hayana vitone. Kazi yako ikiwa ni mawaidha na mahubiri, usilipie rangi hizo mbili. Ikiwa ni harusi, zilipie.

Ikiwa rangi moja imekosekana kabisa baada ya usafishaji na usiku mmoja wa mapumziko, mwite fundi. Usiingize sindano wala kemikali ya kusafishia madirisha ndani ya kichwa.

Diski haisomeki baada ya kuchapwa

Mpangilio wa kazi ndio chanzo cha kawaida. Choma data kwanza, ihakiki kwenye mashine nyingine, kisha chapa. Anayechapa kwanza huacha alama za vidole na vumbi kwenye upande wa kusomwa, na mashine ya kuchomea hukosea palepale. Ikiwa tayari imechapwa, pangusa upande wa kusomwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe usizungushe.

Chanzo kingine ni kuiingiza diski kwenye mashine ikiwa bado na unyevu. Sidii inayosomwa kwa kasi ya 52 huzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika, na uso mbichi hauna nafasi ya kustahimili hivyo. Lebo za karatasi za kubandika ni mbaya zaidi: huiondolea diski mizani, na joto la gari lililoegeshwa juani huzibandua ndani ya mashine. Zikikwama humo, usizichokonoe.

Taa zote zinamemeta na printa inakataa kila kitu

Soma ujumbe kwenye kompyuta kwanza, kwa kuwa mara nyingi ni trei iliyosahaulika ndani au mfuniko uliobaki wazi. Ujumbe ukisema kwamba sponji ya wino taka imefika mwisho, acha kuchapa. Zipo programu zinazouzwa mitaani za kurudisha kihesabu kwenye sifuri, na kihesabu hurudi kweli, lakini sponji hubaki imejaa na wino humwagika chini ya printa, karibu na nyaya za umeme wa volti 240. Sponji ibadilishwe na fundi, ndipo kihesabu kirudishwe. Baadhi ya printa mpya zina kisanduku cha wino taka ambacho mtumiaji hukibadilisha mwenyewe, na kati ya printa mbili zinazolingana kwa bei ningeichukua hiyo. Harufu ya kuungua, moshi au wino unaovuja chini havihitaji uchunguzi wowote: chomoa waya ukutani.

Unaponunua printa iliyotumika, mwombe muuzaji aiwashe, achape ukurasa wa kupima matundu mbele yako, aonyeshe kiasi cha wino taka, kisha uitoe mfukoni diski yako ya kuchapia na uiweke kwenye trei yao. Akisema trei iko nyumbani, rudi siku atakayokuja nayo.